Mkate kwa Aliyeomba Kufa

Wapendwa, fungueni Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii Eliya amemkimbia Malkia Yezebeli anayetaka kumuua. Amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake, ameketi chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe uhai. Amechoka na hataki kuendelea.

Basi tazameni alivyojibiwa. Malaika alimgusa. Palikuwa na mkate uliookwa kwa makaa, na maji. Akala, akalala. Akaguswa mara ya pili, akala tena, akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu. Mungu hakumkaripia kwa kuomba kufa, wala hakumpa kifo alichokiomba. Alimpa mkono wa kumgusa, chakula na usingizi.

Leo ombi la Eliya linapelekwa kwa daktari. Oregon, nchini Marekani, tangu 1997 mgonjwa anayetarajiwa kuishi miezi sita au pungufu anaweza kuandikiwa dawa ya kukatisha uhai wake. Uholanzi na Ubelgiji zikaruhusu mwaka 2002. Kanada ilianza 2016 na wagonjwa ambao kifo chao kilikuwa kinakaribia. Ilipofika 2021, hata sharti hilo likaondolewa. Miaka mitano tu!

Wanaotetea sheria hizi tusiwaite makatili. Wengi wao wamewaona wazazi wao wakiteseka. Lakini someni taarifa za Oregon zenyewe. Mwaka baada ya mwaka, kinachotajwa zaidi na wagonjwa si maumivu. Wanasema wanapoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao, hawawezi tena yaliyowafurahisha, heshima yao inatoweka. Na wengi wanaogopa kuwa mzigo kwa jamaa zao.

Mzigo! Ndugu zangu, anayejiona mzigo anahitaji watu wa kumbeba. Tukimkabidhi dawa ya kufa, tumemkubalia kwamba kweli ametulemea.

Na maumivu je? Yana dawa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa mahututi. Huko unga wa mofini huchanganywa na maji, na mgonjwa wa saratani hunywa kwa kipimo kila baada ya saa nne, akiwa nyumbani kwake, watoto wake wakiwa karibu. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika dawa hiyo, ili imfikie hata mgonjwa wa kijijini asiye na daktari. Haikungoja kwanza iwe nchi tajiri.

Kwa hiyo asiwepo wa kumwambia mgonjwa avumilie tu kwa sababu mateso ni mapenzi ya Mungu. Kumnyima nafuu iliyopo ni ukatili uliovikwa joho la dini. Wala asitishwe anayekataa mashine zisizoweza kumponya. Kuacha kifo kije kwa wakati wake si kujiua.

Sasa tujihoji wenyewe. Mtu akifa, jioni haifiki kabla kamati ya mazishi haijaundwa. Mweka hazina yupo, turubai limefungwa, masufuria yako jikoni, michango inamiminika. Lakini miezi ile aliyokuwa kitandani, nani alikwenda kumgeuza asichubuke mgongo? Nani alimpokea binti yake zamu ya usiku, naye apate kulala? Nani alichangia nauli ya kufuata mofini?

Ikataeni sheria ya kumuua mgonjwa, lakini msiikatae kwa midomo mitupu. Anayepinga kifo cha kuandikiwa na daktari huku jirani yake anaoza peke yake chumbani, hana neno la kumwambia Mungu. Wiki hii mtafuteni mgonjwa mmoja wa mtaani kwenu. Muundieni kamati angali hai: wa kupika, wa kumwogesha, wa kukesha, wa kwenda hospitali kuulizia tiba shufaa, yaani ile ya kumtuliza mgonjwa maumivu. Nendeni kabla hajaomba kufa. Na akiwa ameshaomba, nendeni leo.