Ramadhani ya 14: Nani Amekuja?



Ndugu yangu, pole na swaumu. Tafakuri ya leo naandika huku muhogo uko jikoni, kwa hiyo univumilie kama maneno hayajapangika.

Kwetu tuna kaka. Yapata miaka 20 sasa ana maradhi ya akili, yale makubwa: kusikia sauti, kutolala siku tatu mfululizo. Ana dawa, anachoma sindano kila mwezi, na siku nyingi yuko sawa tu, anakusalimia vizuri na kukuulizia watoto. Lakini Ramadhani, tukiwa na wageni wa futari, sahani yake hupelekwa chumba cha uani. Uji, kaimati, samaki, kila kitu, tena tunamchagulia minofu. Mwaka juzi nilimpelekea mimi. Akasikia vicheko vya ukumbini, akauliza, "Nani amekuja?" Nikamjibu, "Hakuna, watu tu."

Akasema, "Haya," akaendelea kula. Jibu langu lile linanirudia mpaka leo.

Hebu nikuulize na wewe. Mtu ambaye hatutarajii apone kabisa, ni kipi kinatosha kumfanyia? Wengi tutasema ale, avae, alale, atulie. Hasa hilo la kutulia. Akitulia tunasema anaendelea vizuri, hata kama kutulia kwenyewe ni kukaa anaangalia ukuta toka asubuhi. Manake tunapima raha yetu, halafu tunaiita afya yake.

Fungua Suratun-Nisaa, aya ya 5. Inahusu wale wasioweza kusimamia mali, na wanazuoni wa fiqhi wamemwingiza humo aliyepungukiwa na akili. Tumeagizwa tuwalishe, tuwavishe, na tuzungumze nao kwa wema. Nyumba nyingi tunaishia kwenye la pili. Mazungumzo tunayofanya na mgonjwa ni "umekula?", "umemeza dawa?", basi.

Utaniambia kalamu imeinuliwa juu yake, hana dhambi, ana nini cha kumsumbua? Ni kweli, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Lakini imeinuliwa kwake yeye. Kwangu mimi ninayefunga mlango wa uani, inaandika kama kawaida. Halafu lile neno "mpaka" tunalisahau. Akili ya mgonjwa huenda na kurudi, na ikirudi, kaka ni mtu mzima mwenye swala yake, rai yake na haki ya kuulizwa. Sisi tulishampa likizo ya maisha.

Katika Sahih Muslim, Anas anasimulia habari ya mwanamke mmoja wa Madina aliyekuwa na kitu katika akili yake. Alimjia Mtume (s.a.w.), akamwambia ana haja naye. Mtume akamwita Mama Fulani, kwa heshima, kama wewe unavyomwita jirani yako Mama Asha. Hakuuliza msimamizi wake yuko wapi. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo, amtimizie haja yake huko, akasimama naye pembeni mpaka akamaliza. Haja yenyewe haikutajwa. Labda ilikuwa na maana, labda haikuwa nayo. Njia alichagua yeye, na aliyemsubiri amalize ni mtu mwenye shughuli kuliko mimi na wewe.

Sasa tazama sisi. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao kwa magonjwa ya mwili yanayozuilika. Mgonjwa akisema kifua kinamuuma, tunasema ni zilezile zake. Mwaka 2020 Human Rights Watch walitoa ripoti ya watu wanaofungwa minyororo au kufungiwa ndani, katika nchi kama 60. Nilipoisikia nilisema astaghfirullah, watu wana roho ngumu. Kisha nikakumbuka komeo letu.

Kuhusu kufunga, nisisitize moja. Usimwachishe dawa ili afunge, wala usimkataze kufunga kwa kukisia. Mwulize daktari, na umwulize na yeye mwenyewe. Anayetumia lithiamu, maji yakipungua mwilini dawa inaweza kuzidi mpaka ikawa sumu. Na kukesha tu kunaweza kuyaamsha maradhi kwa baadhi ya watu. Asipoweza kufunga, si neno, kukaa jamvini magharibi hakuhitaji swaumu.

Mwaka jana tulimtandikia jamvini pamoja nasi. Siku ya tatu alimjibu shemeji vibaya mbele za watu, na mgeni mmoja hakurudi tena. Mama alinikasirikia. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu yeye ndiye anayekesha naye usiku, mimi huja na kuondoka.

Mwaka huu tumekubaliana hivi: asubuhi anatajiwa nani anakuja, kisha anasema mwenyewe kama atakaa nasi. Jana alikataa, alisema makelele. Leo amesema atakaa, ila tusimweke karibu na shemeji.