Kisu cha Bei Nzuri: Ni Nzuri kwa Nani?

 

Safari hii tunaomba tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo katika kila nyumba yetu, nacho ni kisu. Huenda mtu akauliza, kisu na kanisa wapi na wapi? Lakini kisu hununuliwa kwa fedha, na kila fedha inapobadili mikono, dhamiri nayo ina neno la kusema. Swali letu ni hili: tunaposema tumenunua kisu kwa bei nzuri, ni nzuri kwa nani?

Kwanza, tununue kwa akili

Sisi hapa Kiryandongo hatuna shilingi ya kutupa. Msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, na kila mama anajua anavyohesabu. Basi akienda sokoni Bweyale, jicho lake hukimbilia kisu cha bei ya chini, chembamba, chenye kung'aa, na mpini wa plastiki wa rangi nzuri.

Tusidanganywe na kung'aa. Chuma kisichoshika kutu kilipata umaarufu baada ya kazi ya Harry Brearley kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, aliyechanganya chuma na madini ya kromi. Ni kitu chema. Lakini kung'aa kunatuambia tu kwamba kisu hakitashika kutu upesi. Hakutuambii kama kitashika makali. Kisu cha mhunzi, kilichofuliwa kutokana na springi ya lori, hakina sura ya kupendeza, na usipokikausha kinashika kutu. Hata hivyo, kama mhunzi alikipika vizuri, kinashika makali, na yakiisha unayarudisha mwenyewe kwa kinoo.

Kabla ya kulipa, tazama mpini. Je, chuma kinapita ndani yake hadi mwisho na kubanwa kwa misumari, au kimechomekwa kidogo tu? Kilichochomekwa kidogo kitang'oka siku ya kukata muhogo mgumu. Kisha inua kisu usawa wa jicho uone kama kimenyooka. Kikunje kidogo sana: kizuri hurudi mahali pake, kibaya hubaki kimepinda. Wala usihukumu kwa makali ya siku ya kwanza, kwa maana hata bati likinolewa litakata nyanya.

Tufanye hesabu ya mfano. Kisu cha shilingi 2,000 kikidumu miezi minne, kwa mwaka utanunua vitatu, yaani 6,000, na kwa miaka mitano 30,000. Kisu cha 8,000 pamoja na kinoo cha 3,000 ni 11,000, na miaka mitano bado unacho. Ndiyo maana wazee walisema rahisi ni ghali. Mhubiri naye, katika sura ya 10, anatukumbusha kwamba chuma butu humlazimu mtu kutumia nguvu nyingi zaidi. Nguvu hizo ni mikono ya mama na ya binti zake, na hakuna anayeziandika katika hesabu.

Lakini tuwe wakweli. Mwenye 2,000 mkononi hawezi kununua kitu cha 8,000, hata kama hesabu anaijua. Umaskini humfanya mtu alipe zaidi kwa kitu kile kile. Kwa hiyo tusimcheke jirani anayenunua kisu kibovu. Kama kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinaweza kumkopesha zile 6,000 zilizobaki, hapo ndipo tutakuwa tumemfundisha kununua vizuri.

Pili, kosa letu la Hai Mauna

Haya ya kutambua kisu kizuri tulikuwa tunayajua tangu tukiwa Juba, katika mtaa wetu wa Hai Mauna. Na kwa sababu tulikuwa tunayajua, tuliweza kutenda kosa ambalo leo tunaliungama mbele yenu.

Mtakumbuka kwamba mwezi Desemba 2015 serikali ya Sudan Kusini iliacha kushikilia bei ya pauni. Dola moja, iliyokuwa chini ya pauni 3 kwa bei ya serikali, ikapanda mara moja hadi zaidi ya 18. Vitu vingi vya Juba huja kwa malori kutoka Uganda kupitia Nimule, basi sabuni, unga na mafuta vyote vikapaa. Mshahara ukabaki pale pale.

Mwanzoni mwa 2016 mama mmoja wa jirani, mwenye watoto wanne, alipiga hodi kwetu. Mkononi alikuwa na kisu, au sikin kama tulivyokiita kwa Kiarabu cha Juba. Kilikuwa kipana, kazi ya mhunzi, chuma chake kimepita katika mpini wote. Aliomba pauni 150. Tulikishika tukajua palepale kwamba ni kizuri. Lakini midomo yetu ikasema, “Dada, hiki kimechakaa. Tena kina kutu.” Tukampa 50. Alitutazama, akatazama mlango wake, akasema, “Haya, nipeni.” Akaenda moja kwa moja kununua unga.

Usiku ule tulijisifu mezani. Hatukujua kwamba tumo ndani ya Mithali 20:14, mahali panaposimuliwa juu ya mnunuzi anayekikosoa kitu mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu.

Mwezi Julai mwaka huo risasi zilipolia Juba, tulikimbia, na kisu kile tulikifunga ndani ya sufuria. Tulivuka mpaka pale Elegu, na mwisho tukafika hapa. Kisu hicho ndicho kilichokata nyasi za nyumba yetu ya kwanza na kamba za nguzo zake. Kinakata muhogo hadi leo. Kwa hesabu ya fedha, hatujawahi kununua kitu kwa bei nzuri kuliko hicho. Lakini kila tukikinoa tunamwona mama yule akitazama mlango wake. Tulimwuliza kila tuliyemfahamu kutoka Hai Mauna. Hatujui alikokimbilia.

Je, tulikosa?

Wengine wametuambia, “Alikubali mwenyewe.” Ni kweli, alikubali, lakini ni njaa iliyokubali kwa niaba yake. Wengine husema, “Bila ninyi asingepata hata hiyo 50.” Labda. Lakini kumpa mtu kidogo hakutupi ruhusa ya kumdanganya kuhusu mali yake.

Hatusemi kwamba kupatana bei ni dhambi. Mfanyabiashara wa sokoni anajua alinunua kwa kiasi gani, na bei ikishuka chini ya hapo atakuambia nenda. Ninyi wawili mko sawa. Lakini anayeuza kisu chake cha jikoni ili apike usiku huo hawezi kukuambia nenda. Mbele ya mtu kama huyo, kujua thamani ya kitu ni deni. Ulichokijua na yeye anatakiwa akisikie. Na kama huna fedha ya kutosha, useme wazi: “Kisu chako ni kizuri, kina thamani zaidi ya hii, ila ninayo hii tu.” Kisha yeye aamue. Pauni zile 100 tulizombania hazikuwa faida. Zilikuwa zake.

Tunaandika haya sasa kwa sababu tangu vita vya Sudan vianze mwezi Aprili 2023, ndugu wengi kutoka Khartoum na kwingineko wamefika kati yetu. Baadhi yao wanauza vyombo walivyobeba. Wao leo wamesimama pale aliposimama mama yule, na sisi tumeshika fedha.

Katika 1 Samweli 13 tunasoma habari za wakati ambapo Israeli haikuwa na mhunzi, na watu walilazimika kuwaendea Wafilisti kunoa majembe na mashoka yao, nao walitozwa. Tusiwe Wafilisti kwa waliofika baada yetu. Nyumba yetu imeamua hivi: kinoo chetu kinakaa nje chini ya mwembe, na yeyote, wa kanisa au asiye wa kanisa, aje anoe bila malipo. Deni la mama yule hatuwezi kumlipa yeye, basi tutalilipa kidogo kidogo kwa wengine.

Mama, kama unasoma haya popote ulipo, kisu chako kipo. Njoo.

Mungu awabariki nyote.