Pete Mguuni mwa Korongo

Mvua zinyeshapo juu ya nyanda za Serengeti, korongo weupe hutushukia kutoka mbali, nao hula panzi na viwavi. Nabii Yeremia alimtaja korongo kuwa ndege ajuaye majira yake. Walakini wazee wa Ulaya, walioona kila mwaka viota vikibaki vitupu juu ya mapaa yao, hawakujua ndege hao waenda wapi.

Habari ililetwa na jeraha. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, alipigwa risasi korongo mwenye mkuki wa Kiafrika shingoni, naye alikuwa ameruka nao safari yote. Mwaka 1899 mwalimu Mortensen wa Denmark akashika njia ya upole: aliwavika kwezi pete nyepesi zenye nambari. Kisha Johannes Thienemann, mtu aliyesoma elimu ya dini, akafungua kituo cha ndege huko Rossitten mwaka 1901, na makinda ya korongo wakavikwa pete kiotani. Pete hizo zikaonekana Afrika.

Basi twauliza: Je, ni haki kumshika na kumtia hofu kinda asiyeweza kusema ndiyo wala siyo, ili sisi tupate kujua? Kinda mwenyewe hafaidiwi neno. Tena pete zilipata kuumiza. Korongo hujinyea miguuni ili ajipoze wakati wa jua kali, na kinyesi kikakauka ndani ya pete, kikabana mguu. Wavikaji hawakuwa na nia mbaya. Walakini nia njema haiponyi mguu. Walipokwisha kujua, waliipandisha pete juu ya kiungo.

Tuangalie tena. Mkuki na pete vilifundisha neno lile lile. Kama elimu peke yake ingehalalisha tendo, mkuki ungekuwa sawa na pete. Tofauti imo katika mkono. Mwenye ng'ombe humtia chapa mnyama wake ili kusema, Huyu ni wangu. Mvikaji pete humtia alama kinda, kisha humwachilia, wala hamdai. Mkono ushikao ili kuachilia, tena ukubalio kukosolewa, huo twauhesabu kuwa na ruhusa.

Lakini kazi yake haiishi Ulaya. Pete ni barua isiyo na bahasha, nasi wa Tarime na Serengeti tu miongoni mwa walioandikiwa. Mtoto akimkuta korongo aliyekufa, akaitwaa pete kuwa pambo, hofu ya kinda yule imekuwa bure. Imempasa aipeleke kwa mwalimu, nambari isomwe, habari zirudishwe zilikotoka. Na korongo aliye hai asiuawe kwa ajili ya pete yake; kumwua ili kuisoma barua ni kuurudia ule mkuki.

Hofu ya kiumbe mnyonge ni deni. Mwingine alilikopa mbali, nasi, tusiokiona kile kiota, twaweza kulilipa kwa uaminifu.