Gome Nene na Mti Mchanga

Katika milima ya magharibi ya Marekani na Kanada huota mti mrefu usiopukutisha majani, uitwao kwa jina la David Douglas, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti aliyefariki mwaka 1834. Ni wa jamii ya misonobari, na familia nyingi za huko huupamba nyumbani siku za Noeli ungali mdogo. Ukiachwa porini huweza kuishi zaidi ya miaka 500, na gome lake hunenepa hata kufikia sentimita 30, nalo ni jepesi mfano wa kizibo cha chupa. Moto upitapo chini, huliunguza gome kwa nje. Uhai ulio ndani husalimika.

Bali mti mchanga wa aina iyo hiyo una gome jembamba, lenye malengelenge ya utomvu. Moto uleule huuteketeza.

Twaliwaza jambo hili baada ya kuzungumza na mzazi mmoja, Mkristo mwema, aliyempeleka mjini binti yake wa miaka 13 kufanya kazi za ndani. Tulipomwuliza kama haogopi, alijibu, “Padre, hata mimi nilipelekwa nikiwa mdogo hivyo. Taabu ndizo zilizonikomaza.”

Ndivyo wasemavyo wengi, tena kwa nia njema. Lakini tupime. Gome lile halikuumbwa na moto. Liliongezeka tabaka juu ya tabaka, katika miaka ambayo moto haukufika; moto ulikuja kulijaribu tu. Na ile mikongwe tunayoistaajabia ndiyo iliyosalia. Iliyoteketea michanga haina shina la kutuonyesha.

Basi tukamwuliza mzazi yule: wenzako mliopelekwa pamoja wako wapi? Alitaja jina moja, kisha la pili. La tatu hakulimaliza.

Sheria ya ajira ya nchi yetu ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Hapo hapana ubishi. Ila tusijidanganye kwamba usiku mmoja wa kutimiza miaka 14 huongeza unene wa gome. Wala hatuthubutu kumhukumu mzazi huyu upesi, maana njaa nyumbani kwake si hadithi, na sisi majirani tuliiona tukanyamaza.

Alituambia kuwa nauli ya kumfuata binti hana. Hiyo tumekwisha kuanza kuichanga.