Ngoja Yenye Haki

Ndugu msomaji, anayekuambia "ngoja" ni adui yako? Ndani ya seli imo protini iitwayo ARF. Seli ikichochewa kukua ovyo, ARF huongezeka na kuchelewesha utayarishaji wa RNA ya ribosomu. Na ribosomu ndizo viwanda vya protini. ARF ikikosekana, saratani hupata mwanya.

Hapa kwetu Nachingwea, mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulifyeka mapori kwa pupa, 1951 ukavunjwa. Ulikosa wa kusema ngoja.

Lakini katika seli yenye afya ARF ni haba mno. Basi wazee wetu, Nachingwea hata Ruangwa, breki ni halali mwendo ukizidi. Kijana anayejaribu tu kuandika riwaya, kama mimi, mwacheni akue.