Swali Ambalo Sikuliandika

Niliitwa kuandika kumbukumbu za mkutano wa watafiti wa tiba hapa Lamu. Siku mbili, beji shingoni, chai na mahamri. Na ulikuwa mkutano mzuri, sitasema uongo. Daktari wa Mombasa na mtu wa maabara kutoka Nairobi waligundua wamehangaika na tatizo moja miaka mingi bila kujuana. Wakapeana namba. Nikaandika.

Kisha ikaja slaidi iliyotuhusu: chikungunya, Lamu, 2004. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde: kujikunja kwa maumivu. Kwetu ulikuja wakati wa ukame, watu wameweka maji majumbani, mbu wakapata pa kuzalia. Uchunguzi wa damu ulikadiria kuwa asilimia 75 ya watu wa mji, kama 13,500, waliambukizwa. Mwaka 2005 ukazuka Komoro, ukafika Réunion, halafu India. Mbu hangoji mwaliko. Ndiyo maana watafiti nao hawana budi kukutana.

Dada aliyekuwa akimimina chai akauliza polepole, "Sasa maji tuyaweke vipi?" Mtafiti mmoja akamjibu kwa upole. Mimi sikuandika kitu. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya washiriki.

Jioni nikamhadithia bibi, ambaye mwaka ule alishindwa hata kujifunga leso. Akacheka. "Kwani birika za zamani zilitiwa samaki wa nini?"

Kweli. Katika nyumba za kale za Lamu, chini ya birika la chooni palizamishwa bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wadogo wabaki hai na waendelee kula viluwiluwi vya mbu. Kuna mtu aliwahi kutazama, akajaribu, akapata jibu. Huyo tumwiteje kama si mtafiti?

Bibi akauliza tena, "Hao wageni wamejuana?"

"Wamejuana, bibi."

"Na sisi, wametujua?"

Utasema mkutano wa wataalamu ni wa wataalamu, ukiita kila mtu kazi haitasonga. Nakubali nusu. Bibi hataki kukagua takwimu za mtu. Lakini ataishi na jibu litakalopatikana, na damu iliyopimwa ilitoka kwa watu kama yeye. Anachodai ni haki yake, asionekane anaomba fadhila. Tena inawezekana: kule Kilifi, kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza 1989, kina wawakilishi wa jamii wanaokaa na watafiti kuzungumza kazi zao.

Jana usiku nilifungua tena zile kumbukumbu kabla ya kuzituma. Nikaongeza mstari mmoja: "Mshiriki aliuliza: maji tuyaweke vipi?"

Waandaaji wanaweza kuufuta. Ila safari hii watakuwa wameufuta wao, si mimi.