Watu wa Haiti Hawakulaaniwa



Masomo: Kumbukumbu la Torati 15, 12-15, Luka 13, 1-5.

Katika mikutano ya maombi tunasikia neno moja likirudiwa, wala hatuwezi kuliacha lipite. Wanasema Haiti inateseka kwa sababu imelaaniwa. Wanasema kwamba usiku mmoja wa Agosti 1791, pale Bois Caïman, watumwa walifanya agano na Shetani ili wapate uhuru, na tangu hapo Mungu amewageuzia uso. Mhubiri mmoja wa televisheni kule Marekani alilitangaza neno hilo Januari 2010, siku moja tu baada ya tetemeko kubwa, wakati watu walikuwa wakiwafukua ndugu zao kwa mikono mitupu. Sisi tunalikataa. Tunalijua tangu zamani: ni ndugu wa ile laana ya Hamu waliyofundishwa babu zetu ili wabebe mizigo bila kunung'unika.

Bwana Yesu alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Je, walikuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu? Yeye mwenyewe alijibu kwamba sivyo. Nani basi amempa mhubiri ruhusa ya kujibu tofauti?

Na watu hawa si wageni kwetu. Katika miaka ya mwisho ya utumwa, sehemu kubwa ya waliopelekwa Saint-Domingue (ndilo jina la zamani la Haiti) walitoka pwani ya Kongo na Angola. Macaya, mmoja wa viongozi wa vita ile, alijiita mwaka wa 1793 raia wa mfalme wa Kongo. Wazee waliosoma miaka ya 1960 wanawakumbuka walimu kutoka Haiti, waliokuja kufundisha watoto wetu Wabelgiji walipoondoka.

Januari 1, 1804, baada ya kulishinda jeshi la Napoleon, watumwa hao wakatangaza inchi yao huru. Torati inaamuru nini juu ya mtumwa anayetoka kifungoni? Asiondoke mikono mitupu. Bwana wake ampe kutoka zizi lake, kiwanja chake cha nafaka na shinikizo lake la divai. Waisraeli nao walitoka Misri wakichukua fedha na dhahabu za Wamisri.

Kwa Haiti amri hiyo iligeuzwa kichwa chini. Aprili 17, 1825, mfalme Charles wa 10 wa Ufaransa aliandika kwamba atautambua uhuru wao wakilipa franka milioni 150, fidia ya mali waliyopoteza mabwana wa mashamba. Na katika mali hiyo walihesabiwa wao wenyewe, miili yao na ya mama zao! Barua ililetwa na manowari, na nyuma yake zikaja nyingine, hata zikawa 14 mbele ya mji. Rais Boyer akakubali. Fungu la kwanza lilikuwa milioni 30, naye hakuwa nazo. Ikabidi akope kwa mabanki ya Paris, nayo yakazuia milioni 6 kabla ya kutoa hata franka moja. Wakawa na madeni mawili kwa ajili ya uhuru mmoja. Mwaka wa 1838 fidia ilipunguzwa ikawa milioni 90 kwa jumla, lakini mikopo ikazaa mikopo, na mabaki ya madeni hayo hayakuisha mpaka 1947.

Hii ndiyo laana yenyewe, wandugu. Ina tarehe, ina sahihi, na fedha zake zilihesabiwa.

Nani alilipa? Mkulima wa kahawa, kwa kodi ya kila gunia. Na tusifiche: Boyer mwenyewe alitunga mwaka wa 1826 sheria ya kuwafunga wakulima kwenye mashamba ya wakubwa, wakati watoto wa wakubwa wa mjini walibaki mbali na jembe. Baadaye baba na mwana Duvalier, tangu 1957 hadi 1986, walikula inchi bila kulazimishwa na manowari yoyote. Farao anaweza pia kuwa na rangi yetu. Sisi tuliofanya salongo tunajua hilo bila kufundishwa.

Desemba 1914 askari wa Marekani walichukua kutoka banki ya taifa dhahabu ya dola 500,000, wakaipeleka New York. Mwaka uliofuata wakarudi, wakakaa hadi 1934, na wakulima wakafungwa kamba kwenda kutengeneza barabara, kama babu zetu chini ya fimbo ya Wabelgiji.

Oktoba 2010 ugonjwa wa kolera, uliotoka katika kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais, uliingia mto Artibonite, wanapochota maji maskini wanaolima mpunga. Walikufa karibu watu 10,000. Umoja huo uliomba msamaha mwaka wa 2016. Wafiwa walipewa maneno mengi kuliko fedha.

Aristide alidai mwaka wa 2003 fidia ile irudishwe, zaidi ya dola bilioni 21. Mwaka uliofuata akaondolewa. Aprili 17, 2025, miaka 200 kamili baada ya barua ya mfalme, rais Macron alitangaza tume ya wanahistoria. Sawa, wasome. Zakayo hakuunda tume. Alirudisha mara nne.

Siku ya kufunga, tuwataje kwa jina watu wa Port-au-Prince, waliofukuzwa nyumbani na makundi yenye silaha yaliyozidi nguvu baada ya rais Moïse kuuawa Julai 7, 2021. Haiti haitengenezi bunduki. Nyingi zinatoka Marekani. Ninyi wa Kivu na Ituri mnajua kulala porini na watoto, ombeni ninyi kwanza. Tuwataje pia polisi wa Kenya waliotumwa kule kuanzia Juni 2024, na wale ambao hawakurudi hai kwa mama zao. Na mhubiri atakayesimama kutaja laana, wazee wamwambie aketi.

Amina.